Kadi ya mkono kwa hewa ya Dodoma: wino, kalibu na maandishi ya kuinuka

Nimefanya kazi ya ukatibu muhtasi katika ofisi za serikali hapa Dodoma hadi nikastaafu, kwa hiyo mihuri na pedi za wino nilizizoea kitambo kabla sijafikiria kutengeneza kadi. Siku hizi meza ya sebuleni kwangu, Chang'ombe, ndiyo karakana. Wanaokuja ni wazazi wa watoto wa kipaimara, wahitimu wa UDOM mahafali yakikaribia, mabinti wa sendofu, na mtu mmojammoja anayetaka kadi ya pole isiyofanana na ile ya dukani. Wapo wanaoniambia kadi zimekwisha, kila kitu ni WhatsApp. Kadi za michango ndizo zilizohamia kwenye simu, na zimefanya vizuri kuhama. Ile ilikuwa ankara iliyovishwa maua. Kadi ya pongezi mtu anaitia kwenye Biblia yake au anaisimamisha juu ya kabati la vyombo, na hapo inakaa mwaka mzima.

Nitaeleza kadi moja tu, ya hongera, yenye kishada cha zabibu na neno lililoinuka juu ya karatasi kwa rangi ya dhahabu. Ukiiweza hiyo, nyingine zote utazipanga mwenyewe. Ila nianze na onyo. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za mvua na ukungu. Wanakuambia upige muhuri, kisha usubiri. Dodoma wino haukusubiri wewe. Hewa yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, upepo haukati, na kuanzia Juni vumbi linaingia hata palipofungwa. Mambo mawili matatu ya kazi hii yanageuka kabisa kwa sababu hiyo, na nitayasema kila nikiyafikia.

Karatasi kwanza

Nunua manila ya A4, ile ngumu kidogo, ya gramu 200 hadi 250. Ya gramu 160 inafaa kwa vipande vya kubandika juu, lakini ukiifanya kadi yenyewe haitasimama mezani. A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata katikati kisha ukakunja kila nusu, unapata kadi mbili za A6, na bahasha yake ni C6, milimita 114 kwa 162, ambayo kila duka la steshenari mjini inayo. Anza na bahasha, kisha ndiyo ukate karatasi. Nimeona kadi nzuri sana zikikosa bahasha na kuishia kwenye kaki kubwa ya ofisini.

Kabla ya kukunja, tafuta nyuzi za karatasi zimelalia wapi. Ishike manila kwa mikono miwili, ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali kirahisi, wa pili utakaza. Mkunjo wako ufuate ule upande uliokubali. Ukikunja kinyume, mgongo wa kadi unapasuka na kutoa manyoya meupe, na manila iliyokauka kwa hewa ya hapa inapasuka zaidi. Mstari wa mkunjo uchore kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ukifuata rula ya chuma, mara mbili bila kukandamiza sana. Kisha kunja ile mifereji ibaki nje na kituta chake kiingie ndani. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu mkono unapenda kufuata mfereji. Utiifu wa mkono hapa haufai.

Wino unachaguliwa kwa kile kitakachofuata

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Wino mzuri kwa ujumla haupo. Upo wino unaofaa kwa hatua unayotaka kuifanya baada yake.

Wino wa muhuri wa ofisini umetengenezwa ukauke upesi, barua ikunjwe na iende. Kwa kadi unafaa kwa maandishi madogo nyuma, jina lako na mwaka, basi. Kuna wino mwepesi ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Huo unanywewa na karatasi, unatoa mistari safi, na hapa kwetu umeshakauka hata hujainua muhuri sawasawa. Ubaya wake ni kwamba jua linaupausha, kwa hiyo kadi ya aina hiyo usiiweke dirishani. Halafu kuna wino mzito wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, unaokaa juu ya karatasi badala ya kuzama. Unachelewa kukauka, unastahimili jua, na ukiugusa mapema unachafua. Huo ndio wa zabibu zetu.

Wa mwisho ni wino usio na rangi, unaonata tu, ambao kazi yake ni kushika unga wa embosi, yaani unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto na kuinua maandishi. Ukiukosa madukani, nenda duka la dawa au la vipodozi ununue glisirini, ile ile tunayojipaka kiangazi ngozi isipasuke. Glisirini inashika unyevu, haikauki haraka, na kwa sababu hiyo hiyo inayotusaidia midomoni inatusaidia mezani. Kata kipande cha fulana nene ya pamba, kikunje mara nne, kipange ndani ya mfuniko wa kopo. Mimina glisirini kiasi cha kijiko cha chai, dondosha na matone mawili ya rangi ya keki ili ukipiga muhuri uone ulipopita. Iache inywe. Juu ya pamba paonekane panang'aa kidogo tu. Pakiwa na dimbwi, futa. Glisirini ikizidi, herufi zinavimba na tundu la "O" na la "A" yanazibika.

Kuchonga muhuri

Neno "Hongera" nilichongewa na fundi mihuri mjini, mpira uleule wa mihuri ya ofisi. Nilipompelekea alishangaa: "Mama, jina la ofisi liko wapi?" Nikamwambia, "Baba, ofisi ni mimi." Kama una neno moja unalolitumia mara nyingi, mpe fundi, usijisumbue. Herufi ndogo ni kazi ya mashine.

Picha, lakini, chonga mwenyewe. Nunua raba kubwa nyeupe ya kufutia. Chora jani la mzabibu kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba: ncha tano, kingo zenye meno, kikonyo kirefu kidogo. Ilaze karatasi juu ya raba, upande wa mchoro ukigusa raba, na uisugue kwa ukucha. Mchoro unahama ukiwa umegeuka, na ukipiga muhuri unarudi ulivyouchora. Kata kwa kisu cha karatasi chenye ncha kali, ukikilaza kidogo ili kila mstari uwe na kitako kipana kuliko juu. Mstari uliokatwa wima pande zote mbili unayumba ukikandamizwa na unakatika baada ya kadi chache. Mishipa ya jani iwe mifereji mipana, si mikwaruzo, maana wino mzito unajaza mikwaruzo yote.

Zabibu zenyewe hazihitaji kuchongwa. Chukua penseli yenye raba nyuma, mpya, isiyolika. Ile duara ndiyo zabibu. Bonyeza kwenye pedi ya wino wa zambarau, gonga kwenye karatasi: nne juu, tatu chini yake, mbili, moja, zikigusana bila kupangika mno. Chache zipige mara ya pili bila kurudi kwenye pedi, zitoke hafifu, na kishada kitapata zabibu za mbele na za nyuma. Ukitembelea mashamba ya Hombolo au Makutupora wakati wa mavuno utaona kwamba kishada cha kweli hakina zabibu mbili za rangi moja kabisa, kwa hiyo usitafute usawa.

Asiyependa zabibu afanye mbuyu, hasa ule usio na majani. Kijana mmoja aliniomba watu warefu wembamba wa michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Tuliwapiga kwa wino wa udongo mwekundu juu ya karatasi ya kaki, wakapendeza kuliko nilivyotarajia.

Kalibu za kukatia

Kalibu ni kipande chembamba cha chuma chenye ukingo mkali unaofuata umbo: duara, ua, fremu yenye nakshi. Inatumika na mashine ndogo ya mkono yenye rola mbili. Unapanga sahani ya plastiki chini, karatasi juu yake, kalibu ukingo ukitazama karatasi, sahani nyingine juu, kisha unazungusha mkono mpango wote upite katikati ya rola. Isipokata mahali fulani, usikaze kwa nguvu. Ongeza karatasi moja ya kawaida chini ya sahani, hapo hapo panapokataa, upitishe tena. Sahani zikianza kupinda, zigeuze kila baada ya kukata. Na kwa kalibu zenye nakshi nyingi, weka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya kalibu na manila, la sivyo utakesha ukichokoa vipande kwa pini.

Sasa, mashine hiyo si lazima. Nenda kwa fundi viatu uone panchi zake za kutobolea ngozi. Ni kalibu hizo hizo, ila rola yake ni nyundo. Wangu, anayekaa chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala, alicheka nilipomwomba kuazima: "Mama yangu, hii inakata mkanda wa askari, karatasi itakupa shida gani?" Weka manila juu ya kipande cha mbao laini, si juu ya saruji wala bati, simamisha panchi wima, piga pigo moja la uhakika. Mapigo matatu ya woga yanatoa duara lenye kingo tatu. Kwa panchi ndogo na kubwa nimepata vitobo vya kupitishia utepe, safu ya matundu pembeni mwa kadi, na viduara vya dhahabu vya kubandika.

Kwa kadi yetu unahitaji umbo moja tu, mstatili wenye kona za mviringo, milimita 85 kwa 128 hivi, ambao ndio utakaobeba kishada na neno. Kama huna kalibu ya hivyo, kata kwa rula na kisu, kisha zungushia kona kwa kufuata sarafu.

Kuinua maandishi kwa joto

Hapa ndipo raha ilipo, na ndipo Dodoma inapokukumbusha ulipo.

Zima pangaboi. Funga dirisha la upande wa upepo, acha la upande wa pili wazi, kwa sababu unga ukiyeyuka unatoa harufu. Weka kila kitu mkononi kabla hujagusa wino: muhuri, kopo la unga likiwa limefunguliwa, karatasi safi iliyokunjwa katikati ya kumwagia, brashi ndogo kavu, na chanzo cha joto kikiwa tayari kimepata moto. Muda kati ya muhuri na unga ni mfupi.

Kisha pitisha poda ya mtoto. Weka poda kidogo kwenye soksi safi, funga fundo, na uipapase manila yote kwa kufagia. Hewa kavu inaifanya karatasi iwe na umeme ule unaokurusha ukishika kitasa cha mlango, na umeme huo unavuta chembe za unga mahali ambapo hapana wino. Mtu wa Tanga au Bukoba anaweza kuiruka hatua hii asione tofauti. Wewe wa Dodoma ukiiruka utapata neno la dhahabu likizungukwa na vumbi la dhahabu.

Piga muhuri wenye glisirini. Kandamiza kwa kiganja, hesabu hadi tatu, inua wima. Mwaga unga wa embosi mwingi kupita kiasi juu ya neno zima, inamisha karatasi, gonga nyuma kwa kidole, na ule uliobaki urudishe kwenye kopo kwa kutumia ile karatasi iliyokunjwa. Unga haupotei, kopo moja dogo linakwenda kadi nyingi mno. Tazama kwa upande kwenye mwanga: neno linaonekana limefunikwa na mchanga, herufi hazijaungana. Chembe zilizotoka nje ziondoe sasa kwa brashi, kwani zikishayeyuka ni za kudumu.

Joto. Chombo chenyewe ni bloa ya hewa moto, kama ile ya mafundi simu. Anza kuielekeza kutoka chini ya karatasi ili unga ulegee na kushika, ndipo uhamie juu, ukienda polepole herufi moja hadi nyingine. Mashine ya kukaushia nywele haifai: pumzi yake ni kubwa na joto lake ni dogo, inaupeperusha unga kabla haujayeyuka.

Asiye na bloa atumie kikaango cha chapati. Kiweke juu ya jiko la mkaa uliotulia, usio na moshi wala cheche, kipate moto kama wa kuanzia chapati ya kwanza. Shika manila kwa koleo mbili, au kwa vibanio vya nguo vya mbao, uilaze juu ya kikaango maandishi yakitazama juu. Inama utazame kwa usawa wa karatasi, uso ukiwa mbali. Kwanza hakuna kinachotokea. Kisha kwenye kona ya herufi moja chembe zinatota, zinashikana, na mng'ao unatembea kutoka mguu wa "H" hadi kwenye mkia wa "a", unga uliokuwa butu ukigeuka dhahabu inayowaka. Ukifika mwisho, inua mara moja. Herufi zikibaki na chengachenga kama za sukari, joto halikutosha, rudisha. Zikilala na kuzungukwa na doa la mafuta, joto lilizidi, na hapo hakuna la kufanya ila kukata karatasi nyingine. Manila ikianza kugeuka rangi ya chai, toa mkaa. Kikaango hicho kisirudi jikoni kwa chapati, maana unga ule ni wa plastiki. Watoto wakae mbali mpaka mkaa uzimwe.

Piga neno la dhahabu kabla ya zabibu. Wino mzito uliokwisha pigwa, hata ukidhani umekauka, una tabia ya kushika unga, na utapata zabibu zenye upele. Neno likishapoa ndipo upige jani na kishada chini yake.

Nakshi ya kukandamiza, bila wino

Ukitaka fremu iliyoinuka kuzunguka kadi yenyewe, hiyo haihitaji joto. Chukua filamu ya eksirei ya zamani au jalada gumu la faili la plastiki, kata ndani yake umbo unalotaka, libandike kwa utepe kwenye kioo cha dirisha mchana, juu yake weka manila ikiwa kifudifudi. Mwanga utakuonyesha kingo. Zifuate kwa kalamu iliyokwisha wino au sindano nene ya kufumia, ukirudiarudia, shinikizo likiongezeka kidogo kidogo. Ukisugua kipande cha mshumaa nyuma ya manila kwanza, kalamu itateleza bila kukwaruza. Hapa pia kiangazi kina neno lake: manila kavu inachanika kwenye kona kali. Ipulizie ukungu wa maji kwa mbali, ule wa chupa ya kupigia pasi, ngoja kidogo, ndipo ukandamize. Itatii, na ikikauka itabaki na umbo.

Fanya nakshi hii kabla ya kubandika chochote.

Kuunganisha na kutuma

Kubandika hakuna siri. Gundi nyeupe iwe nyembamba, au itakunja manila; ya mche ni salama zaidi. Ukitaka kile kipande cha kishada kiinuke juu ya kadi, kata vijipande vya ndala iliyochakaa, vyembamba kadiri wembe unavyoweza, ubandike vinne pembeni na kimoja katikati. Osha ndala kwanza. Lakini pima na bahasha: kadi yenye ndala ndani hainyooki kwenye C6, itabidi utengeneze bahasha yenye mbavu au uipeleke kwa mkono.

Ndani, andika kwa mkono. Wateja huniletea shairi zima walilolitoa kwenye simu. Mimi huwashauri waandike mistari miwili yao wenyewe na jina wanaloitwa nyumbani. Nyanya mmoja wa Chamwino alichotaka kiandikwe ni "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na majina ya wajukuu wote, na ile ndiyo kadi niliyotamani ingekuwa yangu.

Iache usiku kucha chini ya kitabu kizito, ukitenganisha kwa karatasi ya kuokea, ili zambarau isihamie kwenye jalada la kitabu. Kama inakwenda mbali kwa basi au kwa treni ya SGR, weka karatasi laini juu ya dhahabu kabla ya kuitia kwenye bahasha, na mwambie anayeibeba asiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Maandishi yaliyoinuliwa kwa joto yanalegea tena kwa joto, na yakilegea yakiwa yamebanwa yananata kwenye bahasha.

Unga uliobaki funga mfuniko wake vizuri, pedi ya glisirini igeuze kifudifudi ndani ya mfuko wa plastiki, na raba ya jani ioshe kwa sabuni ya maji, usiitumbukize kwenye mafuta ya taa kama tulivyokuwa tunafanya na mihuri ofisini. Mafuta ya taa yanaivimbisha raba.